MSAMAHA WA SERIKALI NA HAKI YA MJANE



Mtu akisimama Newala, penye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo wenyeji hupaita Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini ya miguu yake, na upeoni huiona nchi ya Msumbiji. Hapana ukuta wala senyenge. Pana maji, mchanga na msitu. Na ng'ambo wapo watu wasemao Kimakonde na Kimakua kama watu wa huku, wanaooana nasi na kuzikana nasi. Sisi tulioko upande huu, kuanzia Chidya na Masasi hadi Newala na Tandahimba, tumezoea kulitamka neno "ng'ambo" kama mtu atamkavyo chumba cha pili cha nyumba yake. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, waliokimbia majeshi ya Wareno walikuja kwetu. Na Daraja la Umoja lilipofunguliwa pale Mtambaswala mwaka 2010, wengi waliona kuwa serikali mbili zimechelewa tu kukiri jambo ambalo mitumbwi ilikwisha kulikiri zamani.

Ndiyo maana yaliyotokea Cabo Delgado hayakuwa kwetu habari za redioni. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana wenye silaha lilivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia, na baadaye vijana hao walijifungamanisha na kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu. Agosti 2020 waliuteka mji huo na kuukalia mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa Agosti 2021. Tarehe 24 Machi 2021 waliishambulia Palma, jirani na eneo la gesi, na kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ikausimamisha mradi wake wa dola bilioni 20. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 waliohama makazi yao walikadiriwa kuwa milioni moja. Waliouawa ni maelfu, na wengi wao walichinjwa. Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto: kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa, watu wakauawa na nyumba zikateketezwa. Jeshi letu nalo likaenda ng'ambo chini ya ujumbe wa SADC, uliokaa kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Pamoja na nguvu zote hizo, mwishoni mwa mwaka 2025 mashambulizi yalikuwa yamefika wilaya ya Memba, katika jimbo la Nampula. Basi asitokee mtu wa kutuambia kuwa vita hivi vilimalizwa na bunduki.

Swali linaloulizwa vibarazani kwetu ni moja, nalo huulizwa kwa namna mbili. Wapo wasemao kwamba aliyechinja achinjwe, na hapana la kuzungumza. Na wapo wasemao kwamba watu wamechoka, vijana waitwe, wasamehewe, wapewe jembe, kwani yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sisi tunaona kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini wote wawili wamelisahau swali linalotangulia, nalo ni hili: msamaha huu ni mali ya nani? Ni nani aliye na haki ya kuutoa?

Msumbiji si mgeni wa jambo hili. Tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama wa Renamo walitia saini mapatano ya amani kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Vita vyao vilikuwa vimedumu miaka kumi na sita, na waliokufa kwa risasi, njaa na maradhi walikadiriwa kufika milioni moja. Siku chache baadaye bunge lilipitisha sheria ya msamaha kwa wote. Hapakuwa na mahakama ya makosa ya vita. Hapakuwa na tume ya ukweli kama ile ambayo Afrika Kusini iliiunda baadaye. Watu walirudi makwao, waliokata masikio ya watu wakawa jirani za waliokatwa, na mwaka 1994 wakapiga kura.

Wataalamu wengi wa sheria huitazama Roma kwa jicho la lawama. Sisi hatuko tayari kulaumu upesi hivyo. Silaha zilinyamaza kwa zaidi ya miaka ishirini, na mtoto aliyezaliwa mwaka 1992 alikua bila kujificha porini. Hiyo si neema ndogo. Tena msamaha wa bunge haukufanya kazi peke yake. Mwanazuoni wa Msumbiji Alcinda Honwana ameeleza katika maandishi yake jinsi vijiji vilivyowapokea watoto waliofanywa askari: nguo za vitani zilichomwa, mtoto akaogeshwa, wazee wakasema mbele ya watu kwamba huyu amerudi kuwa mtoto wetu. Sisi kama Waislamu tuna maneno yetu kuhusu mizimu na matambiko, wala hatuyafichi. Lakini tungekuwa vipofu kama tusingeona kuwa vijiji hivyo vilifahamu jambo ambalo bunge halikulifahamu: kwamba aliyemwaga damu hawezi kuingia mlangoni kimyakimya kama mtu aliyetoka sokoni. Lazima pasemwe neno, na lisemwe mbele ya waliokosewa.

Pale ambapo Roma ilipungukiwa ni katika mambo yasiyogawanywa. Madaraka na mapato yalibaki mikononi mwa wachache, na mwaka 2013 Renamo na serikali walirudi kupigana. Msamaha mwingine ukatolewa mwaka 2014. Mwingine tena mwaka 2019, mwaka wa mapatano ya Maputo ya tarehe 6 Agosti. Kambi ya mwisho ya Renamo ilifungwa Juni 2023, baada ya wapiganaji zaidi ya elfu tano kuweka silaha chini. Misamaha mitatu katika umri wa kizazi kimoja! Mtu akikuomba radhi mara tatu kwa kosa lile lile, utaanza kuuliza kama anajua maana ya neno analolitumia.

Na Cabo Delgado si Renamo. Renamo walikuwa na kiongozi aliyejulikana, madai yaliyoandikwa, na mtu wa kutia saini. Hawa wa leo hawakuwahi kuleta karatasi yoyote mezani. Mmoja wa wakuu wao aliyejulikana sana, Bonomado Machude Omar, aliuawa Agosti 2023, na vita viliendelea bila yeye. Kwa hiyo wanaosema "yafanyike mazungumzo" wana haki ya kusema hivyo, lakini wana wajibu pia wa kutueleza yafanyike na nani. Rais Filipe Nyusi, alipokuwa madarakani, aliwaita vijana mara kadhaa watoke msituni akiahidi kuwa watapokewa. Wengine walitoka. Kazi ngumu ni hiyo ya mmoja mmoja, ambayo haina picha za kupeana mikono.

Tuiangalie Uganda, kwa kuwa ilipita njia hii mapema. Mwaka 2000 Uganda ilitunga Sheria ya Msamaha, na maelfu ya wapiganaji wa LRA, wengi wao wakiwa watoto walioibwa majumbani, walitoka porini. Waliopigania sheria hiyo ni viongozi wa dini wa Waacholi, Wakristo na Waislamu kwa pamoja, watu waliozika wafu wao wenyewe. Kisha Desemba 2003 serikali hiyo hiyo ilipeleka shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mwaka 2005 hati za kuwakamata Joseph Kony na wakuu wenzake wanne zikatangazwa. Mazungumzo yalipoanza Juba mwaka 2006, kila mtu aliiona hati ile kwa jicho lake. Kony alitaka ifutwe kwanza. Wengine walijibu kwamba asingekuja kuzungumza kamwe kama si kuiogopa hati hiyo. Sisi tunadhani pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: kitu kile kile kilichomsukuma mezani ndicho kilichomzuia kutia saini. Aprili 2008 alingojewa, hakutokea. Desemba mwaka huo ndege za Uganda zilizishambulia kambi zake katika msitu wa Garamba, nchini Kongo, naye akalipiza kisasi kwa wanavijiji wa Kongo, mamia wakauawa katika siku za Krismasi, watu ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi wa Uganda.

Yupo pia Dominic Ongwen, aliyeibwa na LRA akiwa mtoto njiani akienda shule, akakua mpaka akawa kamanda. Alijitokeza Januari 2015. Mwaka 2021 Mahakama ya The Hague ikamtia hatiani na kumhukumu miaka 25, na majaji walisema wazi kuwa walimpunguzia kwa sababu ya utoto wake ulioporwa. Mwaka 2024 mahakama hiyo iliamuru waathirika wake, wanaokaribia 50,000, walipwe fidia ya yuro milioni 52. Ongwen mwenyewe hana kitu, hivyo fedha zikawa za kutafutwa kwa wafadhili. Mama wa Lukodi aliyepoteza watoto mwaka 2004 alisubiri miaka ishirini kuisikia hukumu ya fidia, kisha akaambiwa asubiri mfuko ujazwe.

Waacholi wenyewe wana sulhu yao iitwayo mato oput, ambamo jamaa za muuaji na jamaa za aliyeuawa hunywa pamoja kinywaji cha mzizi mchungu. Wageni huipenda sana sherehe hii wakidhani ni msamaha wa bure. Si hivyo. Hawafiki kwenye kunywa kabla muuaji hajakiri na kabla jamaa zake hawajalipa. Uchungu wa mzizi ule huja mwisho.

Nasi huku kusini tuna la kwetu. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua, wakachoma na kuwachukua watu mateka. Leo Mngoni akiingia Masasi msibani, mtani wake humpokonya kofia na watu hucheka. Wako wanaotoa hoja kwamba utani huu ndio dawa: subirini, wajukuu watataniana. Tunawajibu kuwa utani haukuletwa na kunyamaza. Ulikuja baada ya uvamizi kukoma kabisa, baina ya watu waliokuwa sawa, na hata sasa matusi ya mtani hukumbusha waziwazi ni nani aliyemteka nani. Ni kumbukumbu iliyovalishwa kicheko. Tena ulichukua vizazi, na mjane wa Muidumbe hana vizazi vya kungoja.

Tunaandika katika kurasa za Waislamu, na vijana hawa wameua huku wakilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Hatuwezi kupita kando. Yafaa ijulikane kwamba kabla ya mwaka 2017 viongozi wa Kiislamu wa Cabo Delgado walikwisha kuitahadharisha serikali juu ya kikundi hiki, kilichokuwa kikiingia misikitini na viatu, kikiwakataza watu kupeleka watoto shule na kuwatukana masheikh. Hawakusikilizwa ipasavyo. Vita vilipoanza, misikiti ilichomwa na Waislamu walichinjwa pamoja na Wakristo. Halafu askari waliokuja kuwalinda wakamtilia shaka kila mwenye kanzu.

Sheria ya Kiislamu ina hukumu mahsusi kwa wanaobeba silaha kuwatisha watu na kupora, na msingi wake umo katika Sura Al-Maida. Adhabu yake ni kali, na hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mahali hapo hapo umeachwa mlango kwa wale watakaotubu kabla ya kushikwa. Wanazuoni walilijadili jambo hili kwa kina, na wengi wao wakatofautisha haki mbili. Ipo haki ya Mwenyezi Mungu, ambayo mtawala huisimamia kwa niaba ya umma: hii huondoka kwa toba ya mtu aliyeweka silaha chini kwa hiari yake. Na ipo haki ya waja: damu ya fulani, mali ya fulani. Hii haiondoki kwa toba, wala mtawala hana uwezo wa kuifuta. Iko mikononi mwa mwenyewe, au mrithi wa damu, ambaye anaweza kudai kisasi mahakamani, au kupokea diya, au kusamehe. Na akisamehe ni yeye aliyesamehe.

Tunaona katika hukumu hii busara ambayo Roma, Juba na Maputo zingeweza kunufaika nayo. Serikali ya Msumbiji inaweza kabisa kumwambia kijana: ulituasi, tumeuacha uasi huo, hatutakunyonga wala kukufunga kwa sababu ya kutuasi. Hilo ni lake na ana haki ya kulitoa, tena alitoe kwa ukarimu, maana bila mlango huo kijana hatatoka msituni. Lakini haiwezi kumwambia: na yule mzee uliyemchinja, tumemaliza. Haijamaliza. Haikuwa mzee wake.

Mtukufu Mtume s.a.w. alipoingia Makka mwaka 630 aliwasamehe watu waliomfukuza na kumpiga vita miaka mingi. Wengi huishia hapo wanapolieleza jambo hili. Lakini baada ya hapo Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, alikuja kusilimu, naye akapokewa, roho yake ikasalimika. Ila Mtume alimuuliza kama angeweza kuuweka uso wake mbali naye. Hamkumdhuru, na hakujilazimisha kumtazama. Tunaomba mashirika yanayoandaa mikutano ya upatanisho katika kambi za wakimbizi yalifikirie jambo hili. Tumesoma na kusikia mara nyingi mno juu ya mama anayesimamishwa mbele ya watu na kamera amkumbatie aliyemuulia mume. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliomba asiuone uso wa muuaji wa ami yake, mama wa Macomia anadaiwa zaidi ya hapo kwa kanuni gani? Apewe diya yake, apewe ulinzi wake, aambiwe kaburi liko wapi. Kukumbatia ni juu yake.

Na haki haitazami upande mmoja. Mara baada ya ushindi wa Makka, Khalid bin Walid alitumwa kwa kabila la Banu Jadhima, akawaua watu waliokwisha kuweka silaha chini. Mtume hakusema kuwa ni makosa ya kawaida ya vita, wala hakusema kuwa kuyataja kungevunja moyo wa jeshi. Alijitenga na kitendo kile mbele ya Mwenyezi Mungu, akamtuma Ali akawalipe watu wale fidia ya kila roho na kila mali, hata chombo cha kunyweshea mbwa, na kilichobaki katika fedha kikaachwa kwao kwa tahadhari.

Tukilinganisha na hayo, tunaona jinsi mambo yalivyokwenda Cabo Delgado. Machi 2021 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyozishutumu pande tatu kwa kuua raia: waasi, majeshi ya serikali, na kampuni ya askari wa kukodiwa iliyopiga watu kutoka kwenye helikopta. Septemba 2020 ulisambaa mkanda wa video wa mwanamke aliye uchi akipigwa na kuuawa barabarani na watu waliovaa sare za jeshi, na serikali ikakana. Mwaka 2024 yalichapishwa madai kwamba mwaka 2021 askari waliokuwa kwenye lango la mradi wa gesi huko Afungi waliwafungia wanaume katika makontena na kuwaua wengi. Kampuni ilisema haikuwa na habari za mambo hayo, na mwaka 2025 ofisi ya mwanasheria mkuu wa Msumbiji ikatangaza uchunguzi. Sisi si majaji wa madai hayo. Lakini tunajua kuwa kijana aliyeona baba yake akichukuliwa na askari, naye asiambiwe lolote miaka mitano, hatashawishika kwa kusomewa sheria ya msamaha inayomtaka yeye ndiye aombe radhi.

Mwaka 2018 watuhumiwa zaidi ya 180, wakiwamo Watanzania, walifikishwa kwa pamoja mahakamani Pemba, na mwaka uliofuata wengi wao wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Tulifurahi kwamba mahakama ilithubutu kuwaachia. Lakini mtu aliyekaa gerezani bila kosa naye ni mdai, na sijui, au tuseme hatujui, ni wapi alikosajiliwa katika orodha ya waathirika.

Kisha kuna ardhi na vilivyomo ndani yake. Rubi ya Montepuez ilipogunduliwa mwaka 2009, wachimbaji wadogo walifurika. Mwaka 2017 walifukuzwa kwa nguvu. Januari 2019 kampuni ya Gemfields ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya watu waliosema walipigwa, walibakwa na jamaa zao waliuawa, bila kukiri kuwajibika. Gesi iligunduliwa mwaka 2010, na kwa ajili yake wavuvi wa Afungi walihamishiwa Quitunda, mbali na bahari waliyoijua. Wamwani wa pwani waliona vyeo na pensheni za ukombozi zikiwaendea wenzao wa uwandani, na hivi sasa wakaona bahari nayo ikienda. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hatusemi kuwa umaskini humchinja mtu; maskini wengi mno wa Cabo Delgado hawakumgusa mtu hata kwa kofi. Tunasema kwamba mwaka 2020 serikali ilianzisha wakala wa maendeleo ya kaskazini baada ya miaka mitatu ya vita, na kila mwenye akili aliuliza kwa nini haukuanzishwa miaka mitatu kabla.

Mzee Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso hapa hapa Masasi, alikaa mezani Nairobi mwaka 2008 pamoja na Kofi Annan na mama Graça Machel wa Msumbiji. Kenya ilikuwa imezika watu zaidi ya 1,100. Mapatano yalitiwa saini tarehe 28 Februari na mapanga yakarudi alani. Ilikuwa kazi ya heri na tunajivunia. Lakini walichoahidiwa watu kilikuwa mambo mawili, amani na haki, na la pili halikufika: kuanzia mwaka 2014 hadi 2016 kesi za The Hague zilianguka moja baada ya nyingine, mashahidi wakigeuka au kutoweka. Hadi leo waliochomewa watoto kanisani Kiambaa hawajamwona mkubwa yeyote akihukumiwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Itakuwa aibu tukiyasema haya ya wenzetu tukanyamaza juu ya yetu. Mwaka 2017 huko Kibiti na Rufiji askari na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili pekee waliuawa polisi wanane. Uovu ule ulizimwa, na baadhi ya waliokimbia walisemekana kuvuka Ruvuma. Lakini katika kuuzima wapo watu waliochukuliwa majumbani ambao familia zao bado zinauliza. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiyaandika mambo hayo, alitoweka Novemba 2017. Aidha, mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema kuwa Wasumbiji zaidi ya 9,600 walirudishwa kwao kwa nguvu kupitia Negomano katika miezi ya mwanzo ya mwaka ule, wengi wao wakitoka kuikimbia Palma. Nchi iliyoilea Frelimo Nachingwea na kuwapa mashamba wakimbizi wa mwaka 1964 ilikuwa na hofu yake ya usalama, nasi tuliokuwa tukiihesabu Kitaya hatuidharau hofu hiyo. Hata hivyo mwanamke mwenye mtoto mgongoni si kikosi.

Basi tunashauri nini? Mlango wa kutoka msituni uachwe wazi, na ahadi yake itimizwe kwa kila atokaye kwa hiari kabla ya kushikwa. Akiuawa mmoja aliyejisalimisha, wengine mia hawatatoka. Waliopanga, waliofadhili na walioamuru kuchinja wafikishwe mahakamani, na mahakama hiyo ikae Pemba, ambako mjane anaweza kufika kwa basi. Askari aliyeua asiye na hatia akae kizimba kile kile. Fidia isingoje wafadhili: gesi inapouzwa, fungu la waathirika litangulie kutengwa kabla ya gawio la wenye hisa. Hili la mwisho litachekwa. Tunajua. Lilichekwa pia pendekezo la kwamba makampuni yalipe chochote kwa wachimbaji wa Montepuez.

Na kabla ya yote hayo waandikwe wafu. Kila kijiji, kila jina, jina la baba yake na siku aliyouawa, na ni nani alikuwa na silaha siku hiyo, awe mwasi au mwenye sare. Kazi hii wanaweza kuifanya maimamu, mapadre na wenyeviti wa vijiji kwa daftari la shule na kalamu, katika Kimwani, Kimakua na Kimakonde, wakati wazee wanaokumbuka wangali hai. Hakuna sheria ya msamaha inayoikataza, wala mahakama itakayoweza kufanya kazi bila daftari hilo. Haina haja ya kungoja idhini ya Maputo. Kitaya iko upande wetu wa mto.